Wikendi ya Kwanza ya Skii Karibu na Minneapolis: Mwongozo Kamili kwa Kundi Lenye Bajeti Ndogo

Kundi la marafiki linapoanza kuzungumzia wikendi ya skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji, mazungumzo hukimbilia milima ya Colorado, na bajeti hufa hapohapo. Nauli ya ndege, nyumba ya kupanga mlimani na tiketi ya lifti (mtambo unaowapandisha watelezaji juu ya mteremko) katika vituo vikubwa ni gharama ambazo mtu asiyewahi hata kuvaa buti za skii hana sababu ya kuzibeba, kwa kuwa siku yake ya kwanza ataimaliza kwenye kipande cha mteremko kisichozidi urefu wa uwanja wa mpira. Kipande cha aina hiyo kipo Colorado, na kipo pia mwendo wa saa moja kwa gari kutoka katikati ya Minneapolis.

Mwongozo huu unawalenga wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake kama Brooklyn Park, ambako Wakenya wengi wamefanya makao. Nimechukua mfano wa kundi la watu sita wenye magari mawili, watakaolala nje ya nyumbani usiku mmoja, na ambao kila mmoja anaweza kuchanga takribani dola 320. Bei zilizotajwa ni makadirio ya kupangia tu, maana vituo hubadilisha bei kulingana na siku, saa na hata hali ya theluji. Mwandaaji azihakikishe zote kabla ya kumtoza mtu yeyote mchango.

Kuchagua kilima

Minnesota haina milima mirefu, ina vilima. Karibu kabisa na jiji kuna Buck Hill katika mji wa Burnsville na Hyland Hills katika mji wa Bloomington, na ukienda mbali kidogo kuna Afton Alps na Welch Village. Mtu asividharau kwa udogo wao. Buck Hill, iliyofunguliwa mwaka 1954, ndiko alikofunzwa utotoni Lindsey Vonn, aliyeshinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 2010 katika mbio za kushuka mlima, na kocha wake Erich Sailer alimjenga kwa kumrudisha kwenye mteremko uleule mfupi jioni baada ya jioni. Mteremko mfupi humpa mwanafunzi mizunguko mingi zaidi kwa saa, na katika mchezo huu mizunguko ndiyo inayofundisha.

Kwa wikendi nzima, hata hivyo, ningependekeza kundi liende kwenye bonde la mto St. Croix, ambao hapo ndio mpaka kati ya Minnesota na Wisconsin. Upande wa Minnesota, kaskazini kidogo ya mji mdogo wa Taylors Falls, kuna Wild Mountain. Upande wa pili wa mto, katika mji wa Dresser huko Wisconsin, kuna Trollhaugen. Vyote viwili havifiki mita 100 kutoka kileleni hadi chini, vina eneo la wanaoanza, vina mashine za kutengeneza theluji, na mtu anaweza kulala sehemu moja akatumia kimoja Jumamosi na kingine Jumapili bila kuendesha gari zaidi ya nusu saa. Faida ya mpango huo ni kwamba kundi linapata hisia ya kusafiri kweli, wakati umbali wa kurudi nyumbani, endapo mtu ataumia au hali ya hewa itaharibika, unabaki kilomita 80 hivi.

Wapo watakaopendekeza Lutsen, kwenye ufuko wa Ziwa Superior, au Spirit Mountain iliyo katika jiji la Duluth. Ni sehemu nzuri, lakini Lutsen ni zaidi ya saa nne barabarani na Duluth ni saa mbili na nusu. Kwa watu watakaotumia siku ya kwanza kujifunza kusimama, saa hizo zitumike kwingine. Waende mwaka ujao.

Somo lipangwe kabla ya kitu kingine chochote

Kosa linalogharimu makundi mengi ni kupanga nyumba kwanza, kisha tiketi, kisha vifaa, na mwishowe kuamua kwamba somo halihitajiki kwa sababu mmoja wao aliwahi kwenda mara mbili na atawafundisha wenzake. Rafiki huyo, hata awe na nia njema kiasi gani, atawapeleka juu mapema mno, kwa kuwa yeye mwenyewe amechoka kukaa chini. Wataanguka, watachukia, na siku ya pili watabaki ndani wakinywa chokoleti ya moto ya bei ghali.

Vituo vingi vidogo huuza kifurushi cha wanaoanza, ambacho ndani yake mna somo la kikundi, kukodi vifaa, na tiketi ya lifti inayoruhusu eneo la wanaoanza pekee. Kifurushi hicho mara nyingi ni nafuu kuliko kununua tiketi kamili na kukodi vifaa peke yake, na mtu ambaye hajawahi kuteleza hana haja ya lifti zilizobaki. Mwezi wa Januari umetengwa Marekani kuwa mwezi wa kujifunza skii na ubao wa theluji (ubao mmoja unaobeba miguu yote miwili), kwa hiyo inafaa kuulizia punguzo la mwezi huo. Jambo la kuuliza kituo kwa simu ni saa ambazo masomo huanza, idadi ya wanafunzi kwa mwalimu mmoja, na kama nafasi huhifadhiwa mapema au hugawiwa kwa wanaowahi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua tarehe, na tarehe ndiyo itakayoamua malazi.

Hata mwanariadha hodari hufundishwa. Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya msimu wa baridi, alikuwa mkimbiaji kabla ya kupelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza mbio za skii za masafa. Mwaka 1998 huko Nagano alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimsubiri kwenye mstari wa mwisho ili ampongeze.

Uamuzi kati ya skii na ubao wa theluji ufanywe na kila mtu mwenyewe, ila kwa kujua kwamba skii hukubali haraka siku ya kwanza na kusumbua baadaye, ilhali ubao huadhibu matako na viganja kwa siku mbili za mwanzo kabla ya kulainika. Kwa wikendi moja, skii.

Tarehe

Msimu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwenda hadi katikati ya Machi. Mwaka wenye theluji chache kutoka mbinguni haupaswi kuwakatisha tamaa moja kwa moja, kwa sababu vilima hivi hutegemea mashine, nazo zinahitaji baridi ya takribani nyuzi 2 chini ya sifuri, pamoja na hewa kavu kiasi, ili zifanye kazi vizuri. Msimu wa 2023 hadi 2024, ambao Minnesota ilikuwa na joto lisilo la kawaida, ulionyesha kwamba hata mashine zina kikomo chake. Kwa hiyo msinunue tiketi isiyorudishwa wala kubadilishwa kabla ya kuona utabiri wa siku saba.

Kwa wanaoanza, kipindi kizuri ni kuanzia wiki ya mwisho ya Januari hadi mapema Machi. Kabla ya hapo baridi huwa kali mno, kwani usiku wa Januari katika jiji hili hushuka kwa wastani hadi nyuzi 13 chini ya sifuri, na siku nyingine hupita hapo kwa mbali. Epukeni wikendi ndefu ya siku ya Martin Luther King, inayoangukia Jumatatu ya tatu ya Januari, na ile ya siku ya Marais, Jumatatu ya tatu ya Februari, kwa kuwa foleni huwa ndefu na bei hupanda.

Jumuiya yetu ina nafasi ambayo wengi hawaitumii. Idadi kubwa ya watu wetu hufanya kazi katika nyumba za kulea wazee, hospitali na maghala, kwa zamu, na wikendi ndiyo siku yao ya kazi. Kundi la namna hiyo linaweza kuifanya wikendi yake Jumanne na Jumatano, ambapo tiketi hushuka bei, nyumba za kupanga hushuka zaidi, na mwalimu hupata wanafunzi wachache. Kagueni tu ratiba, maana baadhi ya vilima vidogo hufunguliwa mchana au jioni tu siku za kazi. Miteremko huwa na taa, na giza si kikwazo.

Mchango na mweka hazina

Kundi lichague mweka hazina mmoja, asiwe mwandaaji. Mwandaaji akiwa pia ndiye anayedai pesa, atachukiwa kabla ya kufika barabara kuu. Mchango ugawanywe mara mbili: dola 120 za mwanzo zilipwe angalau wiki sita kabla, zisirudishwe isipokuwa mtu amepata wa kuchukua nafasi yake, na zilizobaki zilipwe siku kumi kabla ya safari. Anayeahidi kwenye kundi la WhatsApp bila kutuma pesa ahesabiwe kuwa haendi, na jambo hilo lisemwe wazi siku ya kwanza, kwa heshima, ili lisije likawa ugomvi wa siku ya mwisho.

Hesabu yenyewe inaweza kuwa hivi kwa kila mtu. Kifurushi cha wanaoanza cha Jumamosi kitengewe dola 90, na tiketi ya nusu siku pamoja na vifaa vya Jumapili dola 75. Malazi ya usiku mmoja, ikiwa nyumba pamoja na kodi na ada ya usafi ni dola 240, ni dola 40. Mafuta ya magari mawili, ambayo kila moja litakwenda maili 140 hivi kwa jumla, yakigawanywa kwa sita hayazidi dola 7. Chakula cha kupikwa nyumbani na kubebwa ni dola 25, nguo kutoka maduka ya mitumba dola 40, kukodi kofia ngumu kwa siku zote mbili dola 20, na dharura dola 20. Jumla ni dola 317. Mwenye nguo tayari atapunguza 40. Asiyetaka skii Jumapili anaweza kulipa kiasi pungufu na kuteleza akiwa amekaa juu ya mpira mkubwa wa hewa wenye umbo la tairi, mchezo unaopatikana katika vilima vyote viwili na usiohitaji ujuzi wowote isipokuwa kukaa.

Pesa ya dharura isiguswe kwa ajili ya chakula. Kazi yake ni gari kuvutwa, dawa, au glavu zilizopotea.

Malazi

Njia rahisi zaidi ni kutolala huko kabisa, kwani saa moja ya kwenda na saa moja ya kurudi inavumilika. Lakini dereva aliyeanguka mara thelathini mchana mzima hapaswi kushika usukani gizani kwenye barabara yenye barafu siku mbili mfululizo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulala, kuliko hata ile raha ya kukaa pamoja.

Moteli za Taylors Falls na za St. Croix Falls, mji ulio ng'ambo ya mto, zinatosha kwa kundi linalogawana vyumba viwili. Nyumba ya kupanga hufaa zaidi kwa sababu ya jiko, ila bei inayoonyeshwa mwanzoni si bei mtakayolipa. Nendeni hadi ukurasa wa mwisho wa malipo kabla ya kuigawanya kwa sita. Chaguo la tatu, ambalo watu wetu wengi hawalijui, ni vibanda vya mbao vya hifadhi za jimbo la Minnesota. Hifadhi ya Wild River, iliyo jirani, ina vibanda vyenye vitanda, umeme na joto, na nafasi zake huweza kuhifadhiwa hadi siku 120 kabla. Hakuna maji ndani, matandiko mtayabeba wenyewe, na choo kiko nje, jambo ambalo saa nane ya usiku wa Februari mtu hulikumbuka. Kila gari litahitaji pia kibali cha hifadhi, ambacho huweza kulipiwa kwa siku.

Mavazi: mitumba kwanza, pamba kamwe

Vifaa vya skii vikodiwe, nguo zinunuliwe. Maduka ya Goodwill na Savers katika eneo la jiji huwa na suruali na makoti ya theluji, na wakati mzuri wa kuyatembelea ni Oktoba na Novemba, kabla umati haujaamka.

Kanuni kuu ni kwamba pamba isiguse mwili. Fulana ya pamba, soksi za pamba na suruali ya jinzi hunyonya jasho na theluji, hazikauki, na hupeleka joto lote la mwili hewani. Vaeni tabaka tatu: la ndani la poliesta au sufu laini linalobana mwili, la kati la kitambaa chenye manyoya mafupi, na la nje lisilopitisha maji wala upepo. Koti nene sana la mjini, lile la kusubiria basi, halifai, kwa sababu mtu anayejifunza hutoka jasho kuliko anavyotarajia, na jasho hilo likipoa kwenye lifti ndilo linalomtetemesha.

Soksi iwe moja kwa kila mguu, ndefu kufika chini ya goti, nyembamba. Nimeona watu wazima wenye akili timamu wakivaa jozi tatu, wakajibana damu na kuganda vidole ndani ya dakika ishirini. Glavu ziwe zisizopitisha maji. Zile za kufuma zitalowa kwenye anguko la pili. Miwani ya theluji ni muhimu kama glavu, kwa ajili ya upepo na kwa ajili ya mwanga unaoakisiwa na weupe wote ule.

Kofia ngumu inahitaji maandalizi ambayo waandishi wengine wa miongozo hawayataji. Mwenye nywele za kusukwa azifunge chini, usawa wa shingo, kwa kuwa fundo la juu ya kichwa huinua kofia na kuifanya isikinge chochote. Dada anayevaa hijabu atumie ile nyembamba ya michezo au kinga ya baridi inayofunika kichwa na shingo, na kila ncha ya kitambaa iingizwe ndani ya koti, isije ikanaswa na kiti cha lifti. Mafuta mazito ya mgando yapakwe mashavuni na midomoni, ila hayachukui nafasi ya kufunika uso.

Barabara

Kutoka Minneapolis mtachukua barabara kuu namba 35 kwenda kaskazini, kisha namba 8 kwenda mashariki hadi Taylors Falls. Siku moja kabla, na tena asubuhi ya safari, angalieni huduma ya taarifa za barabara ya 511 kwa Minnesota na kwa Wisconsin. Kila gari liwe na maji ya kioo yasiyoganda, koleo dogo, blanketi, nyaya za kuwashia betri, tochi, na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi lililokwama. Tangi lisishuke chini ya nusu. Ikitokea mmekwama kwenye theluji huku injini ikiwaka, fukueni kwanza bomba la moshi, kwa sababu gesi ya sumu iliyomo katika moshi unaorudi ndani ya gari huua bila kutoa harufu ya kumtahadharisha mtu.

Mambo mawili ya karatasi yamalizwe nyumbani. La kwanza ni hati ya kukubali hatari ya mchezo, ambayo vituo vingi huruhusu ijazwe mtandaoni. Isomwe, kisha isainiwe. La pili ni bima ya afya. Kwa kuwa Trollhaugen iko Wisconsin, kila mtu apige simu kwenye bima yake aulize itamlipia nini nje ya jimbo, hasa wale wenye bima ya serikali ya Minnesota, ambayo huko nje inaweza kulipa dharura pekee.

Asubuhi ya kwanza

Fikeni dakika tisini kabla ya somo. Muda huo unaonekana mrefu hadi mtu aone foleni ya kukodi vifaa. Kila mmoja awe amepima mguu wake kwa sentimita tangu nyumbani, kwa sababu buti za skii hupimwa hivyo: mguu wa sentimita 26.5 huvaa buti ya 26.5.

Buti ndicho kifaa kinachoamua siku nzima, hivyo msiwe na haraka nayo. Fungueni vifungo vyote, vuteni ulimi mbele, ingizeni mguu, kisha pigeni kisigino sakafuni mara kadhaa ili kiingie nyuma kabisa. Suruali ya ndani isiingie kwenye buti hata kidogo. Kikunjo kimoja kinatosha kukwaruza muundi hadi jioni. Mkisimama wima vidole viguse mbele kwa wepesi, na mkikunja magoti virudi nyuma viache nafasi. Kisigino kikiinuka mnapokunja magoti, buti ni kubwa, na ibadilishwe hata kama foleni nyuma yenu inanung'unika. Wengi huchagua buti pana kwa kuwa inapendeza dukani, nayo nje haiwezi kuiongoza skii.

Fundi atauliza uzito, urefu, umri na uzoefu. Msidanganye uzito. Kwa namba hizo ndipo anapoweka nguvu ya vifungio vinavyoachia mguu wakati wa kuanguka: vikiwa legevu mno skii itatoka bila sababu, na vikikaza kupita kiasi goti ndilo litakalolipa. Kwenye uzoefu semeni ukweli pia, kwamba ni mara ya kwanza. Skii za anayeanza hufika karibu na kidevu.

Kwenye mteremko

Mwalimu ataanza na skii moja mguuni, kisha mbili, kisha atawapeleka kwenye mkanda unaopandisha watu polepole. Breki ya kwanza ni umbo la kabari: ncha za mbele zikaribiane, mikia itanuke, na uzito uwe mbele ya buti. Mwili unaoogopa huegemea nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakoongeza kasi. Mtu akiona amezidiwa akae ubavuni kuelekea upande wa juu wa mteremko, kwa hiari yake, mapema. Ili kuinuka, skii ziwekwe sambamba upande wa chini yake, zikikatiza mteremko; zikielekea chini ataanza safari nyingine akiwa bado amekaa.

Lifti ya viti isijaribiwe kabla ya kuweza kusimama kwa kabari mara tano mfululizo bila kuanguka. Kupanda, shikeni fimbo zote kwa mkono mmoja, sogeeni hadi kwenye mstari, tazameni nyuma juu ya bega, na kaeni kiti kikigusa miguu. Kushuka ndiko huogopesha. Inueni ncha za skii, subirini zilale juu ya theluji, simameni kiti kinapofika alama, acheni kiti kiwasukume, nendeni moja kwa moja bila kumshika jirani. Atakayeanguka aondoke njiani haraka hata kwa kutambaa. Mhudumu atasimamisha lifti bila kumcheka. Hufanya hivyo siku nzima.

Alama ya duara la kijani ni njia rahisi, mraba wa bluu ni ya kati, na almasi nyeusi ni ya wazoefu. Alama hizo hulinganisha njia za kilima hichohicho, kwa hiyo kijani cha hapa si lazima kilingane na kijani cha kwingine. Sheria moja ishikwe na wote: aliye chini ana haki ya njia, na aliye juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa. Anayepumzika akae pembeni, mahali anapoonekana kutoka juu.

Kila saa moja na nusu ingieni ndani. Hapo chai ya tangawizi ya chupa, chapati na mayai ya kuchemsha vitaokoa bajeti, mradi kituo kinaruhusu chakula cha kutoka nyumbani. Kaguaneni nyuso wawili wawili, maana mwenye jamidi, yaani ngozi iliyoganda kwa baridi, hajioni. Kwenye ngozi nyeusi msisubiri wekundu. Tafuteni rangi ya kijivu au mng'ao kama wa nta, na muulizeni mwenzenu kama anahisi mkiligusa shavu lake. Ganzi ni ishara ya kuingia ndani mara moja, bila kusugua. Upepo ukilifanya baridi lihisike kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30, na siku ya namna hiyo wanaoanza wabaki ndani.

Ajali nyingi za wanaoanza huja wanapokuwa wamechoka, kwenye ule mzunguko ambao mtu amesema ni wa mwisho. Asemaye amechoka asibembelezwe. Trollhaugen kwa miaka mingi imekuwa na usiku wa Ijumaa unaokwenda hadi saa tisa alfajiri, na vijana huupenda sana. Kundi la mara ya kwanza liuache.

Jumapili na hesabu za mwisho

Jioni ya Jumamosi tandazeni kila kitu chenye unyevu karibu na joto, glavu zikiwa zimefunguliwa mdomo, na leteni ndani betri za simu zilizogandishwa na baridi. Siku ya pili misuli ya mapaja italalamika, na ndiyo maana nimependekeza nusu siku. Wanaosali asubuhi watafika mchana bila hasara, kwani tiketi ya mchana ndiyo mliyopanga. Anzeni tena kwenye mkanda kwa dakika ishirini kabla ya lifti, hata kama jana mlimaliza mkijiona mabingwa.

Ondokeni kabla ya giza, vifaa vikiwa vimerudishwa na risiti ya amana mkononi. Mweka hazina atume hesabu kwenye kundi kabla ya Jumatano, akirudisha kilichobaki cha dharura hata kama ni dola nne kwa mtu. Atakayetaka kuendelea asikimbilie kununua skii. Anunue kwanza buti zinazomkaa sawasawa, azitafute kwenye minada ya vifaa vilivyotumika ya Oktoba na Novemba, na aulize mwezi wa Machi bei ya pasi ya msimu unaofuata, maana wakati huo ndipo vilima vingi huiuza kwa bei ya chini zaidi.